DAWA KABLA YA KISU: MZAZI, USIMTOE MTOTO KATIKATI YA MATIBABU



Mzazi, umeambiwa mtoto wako ana saratani ya mfupa. Ulidhani atapasuliwa kesho. Badala yake anaanzishiwa kemo, wiki kumi hivi, ndipo apasuliwe. Moyo unauliza: wanangoja nini?

Mpendwa, huko si kungoja. Ostiosakoma huwapata sana vijana wanaokua, mara nyingi karibu na goti. Hutuma chembe zake mapafuni mapema, zikiwa ndogo hata picha haizioni. Kisu hutoa uvimbe ulipo. Dawa hupita na damu na kuzifuata zilikojificha. Zamani, kabla ya kemo, mguu ulikatwa na bado walipona chini ya 20 kwa kila 100. Leo, palipo na matibabu kamili na ugonjwa haujaonekana kwingine, hupona kama 60 hadi 70.

Kemo hiyo ya kwanza pia humpa daktari muda wa kupanga jinsi ya kuuokoa mguu. Uvimbe ukishatolewa, maabara huupima. Ikiwa asilimia 90 au zaidi imekufa, hiyo ni dalili njema.

Sasa sikia hatari iko wapi. Kemo ikianza kufanya kazi, maumivu hupungua na uvimbe unashuka. Familia inasema, "Amepona!" Kliniki inaachwa. Mtoto anarudi miezi baadaye, ugonjwa ukiwa mapafuni. Mshukuru Mungu kwa nafuu, toa ushuhuda, lakini rudi hospitali! Upasuaji bado, na kemo nyingine baada yake.

Hezekia aliahidiwa uponyaji na Mungu mwenyewe, na bado Isaya akaagiza tini zibandikwe kwenye jipu lake (Isaya 38). Ahadi haikufuta dawa. Kumaliza matibabu si kukosa imani.

Na wewe mshirika, ukimtembelea mama huyo, usimpime imani yake. Muulize kama ana nauli ya kliniki ijayo. Kaa na wale watoto wengine siku anapolala wodini. Hayo nayo ni maombezi.

Baba, watie nguvu watoto walio kwenye dripu leo. Ongoza mikono ya madaktari. Wape wazazi moyo wa kufika mwisho, katika jina la Yesu.

Kama unamjua mzazi aliye katika safari hii, mtumie ujumbe huu. Andika AMINA tuombe pamoja.