Rimoti ni Mali ya Nyumba, Simu ni Mali ya Mtu

Katika miji midogo ya Tanzania, na Makongolosi wilayani Chunya ni mfano mzuri, simu ya mkononi imeongezewa kazi ambayo watu wachache wameitafakari. Mbali na kupokea salamu, kutuma fedha na kupiga picha, simu nyingine sasa hutumika kama rimoti: huwasha televisheni, hupandisha sauti, na hubadili stesheni katika king'amuzi. Jambo hili huonekana dogo, tena la starehe tu. Lakini starehe ya nyumbani nayo ina mamlaka yake, na mamlaka hayo yanapohama mikono, hapana budi wenye nyumba wajue yamehamia kwa nani.

Sababu ya mabadiliko haya ni rahisi kueleza. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Seti za wakati huo zilikuwa na vifungo vyake mbele, na mtu aliyetaka kubadili stesheni aliinuka akavibonyeza. Baadaye yalikuja matangazo ya dijitali. Mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na mwaka 2013 ikafuata miji mingine, Mbeya ikiwamo. Tangu hapo nyumba yenye televisheni ya kawaida huhitaji pia king'amuzi, na nyumba yenye vyombo viwili huwa na rimoti mbili. Vyombo vya siku hizi vina kitufe kimoja au viwili tu mwilini mwake. King'amuzi kilichopotelewa na rimoti ni kama redio iliyong'olewa kisu cha kutafutia stesheni.

Rimoti nazo hazidumu. Huangushwa na watoto, huliwa na maji ya betri zilizovuja, hujaa vumbi. Iliyo ya aina ile ile isipopatikana katika maduka ya Makongolosi, huagizwa Mbeya mjini. Hapo ndipo mtu anapokumbuka kwamba simu yake ina kijicho kidogo juu ya ukingo wake.

Kijicho hicho si uchawi. Rimoti hutoa mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu haliwezi kuuona. Mwanga huo huwaka na kuzimika kwa kasi ya mara 38,000 hivi kwa sekunde, na mapigo yake hupangwa kwa mafungu. Fungu moja maana yake ni "washa", jingine "ongeza sauti". Kila kiwanda kina mpangilio wake, ndiyo maana rimoti ya chombo kimoja haitii kwa chombo kingine. Simu yenye taa ya infraredi, ikiwekewa programu inayojua mipangilio ya viwanda vingi, huweza kusema lugha ya vyombo vingi.

Historia ya ufundi huu ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti ya waya mwaka 1950. Mwaka 1955 mhandisi wake, Eugene Polley, alibuni ya kumulika kama tochi, lakini mwanga wa jua uliivuruga televisheni ikabadili stesheni yenyewe. Mwaka 1956 Robert Adler alileta ya mlio usiosikika kwa binadamu. Infraredi ilishika nafasi baadaye. Kompyuta za mkononi zilipoanza kuuzwa, watu waliona mara moja kwamba zaweza kufanya kazi hiyo: Palm III ya mwaka 1998 ilikuwa na mlango wa infraredi, na programu iitwayo OmniRemote iliigeuza kuwa rimoti. Samsung iliweka taa hiyo katika Galaxy S4 ya mwaka 2013, kisha baadaye ikaiacha katika simu zake kubwa. Xiaomi ya China imeendelea nayo. Kwa hiyo kinachoonekana leo Makongolosi si kigeni. Ni ufundi wa miaka mingi uliofika mikononi mwa wananchi.

Faida zake ni za kweli, na si haki kuzidharau. Mwenye simu huokoa fedha na safari. Mwalimu wa fizikia naye amepata chombo cha kufundishia kisichogharimu senti. Akielekeza rimoti kwenye kamera ya simu na kubonyeza kitufe, wanafunzi wataona kwenye kioo cha simu taa ikimetameta, ingawa kwa macho yao hawaoni kitu. Kamera ya nyuma ya simu nyingine huchuja mwanga huo, lakini ya mbele mara nyingi huuona. Somo zima la mwanga usioonekana laweza kuanzia hapo. Tena jaribio hilo hilo humwambia mwenye nyumba kama rimoti yake imekufa kweli au imeishiwa betri tu.

Lakini hapa ndipo penye tatizo. Rimoti ni mali ya nyumba. Simu ni mali ya mtu. Rimoti hukaa mezani, hupita kutoka mkono wa baba kwenda kwa mama, na kwa mama kwenda kwa mtoto. Simu hukaa mfukoni, ina namba ya siri, na ndani yake mna fedha, barua na mambo ya mwenyewe. Hakuna anayeiacha mezani ili kila mtu aichezee.

Makongolosi ni mji wa dhahabu. Eneo la Lupa lilivuta wachimbaji tangu kabla ya vita vya pili vya dunia, na hadi leo wachimbaji wadogo huondoka nyumbani kwenda kwenye maduara, wakalala kambini siku nyingi. Mwanamume wa namna hiyo akiondoka, simu huondoka naye. Ikiwa simu hiyo ndiyo rimoti pekee, televisheni iliyonunuliwa kwa jasho la nyumba nzima hubaki imefungwa kwenye stesheni moja, au imezimwa kabisa. Mama hawezi kufungua taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mtoto hawezi kutafuta kipindi cha masomo. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jema, kwa kuwa watoto hawatakesha kwenye televisheni baba akiwa safarini. Hoja hiyo haina nguvu. Anayezuiwa hapo si mtoto peke yake, ni mama pia, naye ndiye mlezi aliyebaki. Vilevile ving'amuzi vingi vina namba ya siri ya wazazi iliyowekwa kwa kazi hiyo hasa. Nidhamu ya watoto hujengwa kwa mapatano ndani ya nyumba. Kitufe kikiwa safarini hakimfundishi mtoto chochote.

Taifa hili lina kumbukumbu nzuri ya chombo kimoja kuwafaa wengi. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walikusanyika vikundi vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kilicholeta faida kilikuwa redio pamoja na mazungumzo ya waliokuwa wameizunguka. Televisheni ya sebuleni yaweza kufanya kazi hiyo hiyo, mradi uchaguzi wa kipindi ubaki jambo la kuulizana.

Kuna hatari ya pili. Baadhi ya programu za rimoti hujaa matangazo ya biashara, na nyingine huomba ruhusa ya kusoma majina ya watu waliomo katika simu au kujua mwenye simu yuko wapi. Kuongeza sauti ya televisheni hakuhitaji kumjua shemeji wa mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini haiwezi kumzuia mtu kubonyeza "kubali" bila kusoma. Ruhusa isiyohusu kazi ya programu ikataliwe, na programu isiyokubali kufanya kazi bila ruhusa hiyo ifutwe.

Basi lipi la kufanya? Rimoti ya kawaida inunuliwe upya na irudi mezani, simu iwe akiba yake. Mahali ambapo hilo haliwezekani kwa sasa, programu iwekwe katika simu zaidi ya moja zenye taa hiyo, ya mama ikiwa mojawapo. Mtumishi anayehamia kituo kingine, na mwalimu anayekwenda semina kwa juma zima, wajiulize kabla ya kufunga mizigo: nyumba inabaki na nini mkononi? Mwenye kipato cha mshahara ndiye aghalabu mwenye simu bora nyumbani, na kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuweza kuigeuza sebule kuwa yake peke yake bila kukusudia. Televisheni iliingia nyumbani kwa fedha na subira ya wote, na wote wana haki ya kuiwasha.