Asiyekula nyama asifanywe kichekesho

Katika jamii yetu ya Kenya, mtu anaweza kukataa chakula kwa sababu tatu na asiulizwe swali la pili. Akisema kwamba dini yake inamkataza, sahani huondolewa mbele yake kwa heshima. Akisema ni mwiko wa ukoo wao, wazee huelewa mara moja. Akisema daktari amemzuia, watu humpa pole na kumtafutia chakula kingine. Lakini pindi anaposema kwamba ameacha nyama kwa kuwa yeye mwenyewe, baada ya kufikiri, ameamua hivyo, mambo hubadilika. Kicheko huanza, maswali yakafuata, na mwishowe huja mahubiri. Ningependa leo tuitafakari tofauti hii, hasa sisi walimu pamoja na wanafunzi wetu.

Mimi binafsi ninakula nyama, kwa hivyo siandiki haya kujitetea. Hata hivyo, nimehudhuria harusi, matanga na harambee za kutosha kuyajua maneno ambayo mla mboga huambiwa. Ataulizwa kama ni mgonjwa, au amejiunga na dhehebu gani. Akiwa mwanamume, ataambiwa kwamba anakula majani kama mbuzi. Akiwa msichana, ataulizwa mume wake atapikiwa nini. Wako hata wanaomtilia mchuzi wa nyama kwa siri, kisha wakaangua kicheko amalizapo kula. Mzaha wa namna hiyo hakuna anayethubutu kumfanyia Mwislamu kwa nyama ya nguruwe, na akithubutu, sote tutamlaani. Kwa nini basi tuuone kuwa mchezo tunapomfanyia mtu ambaye mwiko wake ameuweka mwenyewe?

Jibu ambalo husikika mara nyingi ni kwamba huu ni uigaji wa Wazungu, na kwamba mwacha mila ni mtumwa. Hebu tuichunguze hoja hiyo. Wamasai wa jadi hawakula samaki wala wanyama wa porini. Wakikuyu wa zamani hawakugusa samaki ingawa mito ilipita karibu na mashamba yao. Miongoni mwa Waluhya, wanawake walikatazwa nyama ya kuku. Kujinyima nyama ya aina fulani, kwa hivyo, si jambo geni hata kidogo katika nchi hii. Aidha, chakula cha kila siku cha mababu zetu kilikuwa githeri na mukimo katika sehemu za milima, mrenda, managu na kunde upande wa magharibi, na mbaazi za nazi huko Pwani. Kwa wakulima hao, mnyama alichinjwa kwa sherehe, kwa tambiko au kwa heshima ya mgeni. Ikiwa tutapimana kwa mila, basi mkazi wa Nairobi anayekula nyama choma kila Jumamosi ameiacha mila ya wakulima hao kuliko jirani yake anayekula ndengu.

Tukumbuke pia kwamba wala mboga wamekuwa miongoni mwetu kwa muda mrefu. Wajaini na Wahindu wengi waliohamia Afrika Mashariki walikuja na desturi hiyo na wameihifadhi kwa vizazi kadhaa. Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo lilianzisha misheni yake Gendia mwaka 1906, limekuwa likiwahimiza waumini wake wapende vyakula vya mimea, na baadhi yao wameacha nyama kabisa.

Hata hivyo, haki inatudai tuutazame upande wa pili. Nyama kwetu ina maana kubwa kuliko shibe. Mbuzi alipochinjwa, katika jamii nyingi kila kiungo kilikuwa na mwenyewe: hiki cha wazee, hiki cha akina mama, hiki cha vijana waliochinja. Kupokea sehemu yako kulikuwa kukubaliwa kuwa mmoja wa wenyeji. Mwenyeji aliyetumia akiba yake kununua mbuzi, kisha mgeni akasukuma sahani kando, huhisi kwamba ni undugu uliokataliwa. Uchungu huo ni wa kweli na mla mboga hana budi kuuheshimu. Hata lugha yetu ya Kiswahili inatukumbusha jinsi mazoea haya yalivyo na mizizi: neno ‘mnyama’ na neno ‘nyama’ yana shina moja, kana kwamba kiumbe yule hatukuweza kumtaja bila ya kukumbuka kitoweo.

Lakini heshima ya mwenyeji haielezi dharau yote ninayoizungumzia. Naamini kwamba chanzo chake kikubwa ni uhusiano tulioujenga baina ya nyama na utajiri. Sukuma wiki ilipata jina lake kwa kuwa humsaidia mwenye pato dogo kuisukuma wiki mpaka mwisho. Katika lugha ya siasa zetu, aliye serikalini ‘anakula nyama’, naye aliyeachwa nje ‘anameza mate’. Tumejifundisha kwamba maharagwe ni chakula cha asiye na la kufanya, na kwamba mtu akipata pesa huyaacha. Ndiyo maana anayeweza kununua nyama lakini akachagua maharagwe hutushangaza, na pengine hutuudhi, kwa sababu amekivunja kipimo tunachotumia kujua nani amefaulu maishani.

Hapa ndipo penye madhara ambayo wengi hawayaoni. Tunapomcheka mla mboga mbele ya watoto, tunasikiwa pia na yule mtoto ambaye kwao nyama huliwa Krismasi peke yake. Yeye hakuchagua. Anapotusikia tukisema kwamba mboga ni chakula cha mbuzi, anajua kwamba ni meza ya mama yake inayotukanwa. Kumdharau anayekula mboga kwa hiari na kumdharau anayekula mboga kwa ufukara ni dharau ya aina moja, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Katika miaka ya tisini, nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya bweni, alikuwako msichana wa kidato cha pili aliyeacha kula nyama. Nyama ilipikwa mara moja kwa juma. Siku hiyo alikuwa akiwagawia wenzake vipande vyake, naye akala ugali mkavu. Hakuwa amemsumbua mtu wala hakuwa amedai apikiwe chakula cha peke yake. Ilikuwa baada ya serikali kuunda tume, mwaka 1994, ya kuchunguza ibada za shetani, na katika shule nyingi kila tabia isiyo ya kawaida ilitiliwa shaka. Kiranja alimripoti kwa mwalimu wa zamu. Aliitwa ofisini, akahojiwa juu ya dini aliyojiunga nayo, kisha akasimamishwa katika bwalo la chakula mbele ya shule nzima na kuamriwa ale. Alikula huku akilia. Muhula uliofuata hakurudi shuleni kwetu. Hakuna mtu aliyemuuliza swali lililofaa kuulizwa kwanza, yaani sababu ya uamuzi wake.

La kushangaza ni kwamba waliomhukumu walikuwa wasomaji wa Biblia. Walikisahau kisa cha Danieli na wenzake huko Babeli, vijana walioomba wapewe mboga na maji badala ya chakula cha mfalme. Walisahau pia kwamba mtume Paulo, katika sura ya 14 ya waraka wake kwa Warumi, alizungumzia ugomvi wa waumini juu ya jambo hili hili, akazionya pande zote mbili.

Wako wanaohofia afya na nguvu za vijana wetu, na hofu hiyo inastahili jibu. Mtoto anayekua anahitaji protini, madini ya chuma na vitamini za kutosha. Mimea haina vitamini B12 ya kutegemewa, kwa hivyo asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa lazima aipate kwa vidonge au katika vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Lakini githeri yenye maharagwe ya kutosha, mboga za kienyeji, maziwa na mayai vinaweza kumlea kijana vizuri. Wanariadha wanaofanya mazoezi huko Iten hutegemea zaidi ugali, mboga na maziwa. Kwa upande mwingine, mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama zilizosindikwa, kama vile soseji, miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Mahatma Gandhi amesimulia jinsi alivyoshawishiwa na rafiki yake, alipokuwa mvulana, ale nyama ya mbuzi kwa siri, kwa kuwa ati Waingereza waliwatawala Wahindi kwa nguvu ya nyama. Baadaye aliiacha kabisa, na sote tunajua kama alikuwa dhaifu mbele ya Waingereza hao.

Sheria nayo haiko kimya. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda uhuru wa dhamiri sawa na uhuru wa dini. Mnamo Septemba 2019, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba Rastafari ni dini, katika kesi ya mwanafunzi aliyefukuzwa shuleni kwa sababu ya nywele zake. Kesi hiyo haikuhusu chakula, lakini ilizikumbusha shule kwamba mwanafunzi haachi dhamiri yake langoni.

Wala mboga nao wana wajibu. Anayeketi mezani kwa watu na kuwahubiria kwamba wanakula mizoga anatenda kosa lile lile analolalamikia. Mfugaji wa Turkana au Marsabit, ambako mvua ni haba na mahindi hayastawi, hawezi kuambiwa aache nyama na maziwa na mtu anayeishi karibu na soko la mboga.

Kwa walimu wenzangu, ninachopendekeza hakihitaji fedha za ziada. Siku ya nyama, maharagwe machache yapikwe katika sufuria ya pembeni kwa ajili ya wasioila. Mwanafunzi anayeacha nyama aitwe faraghani na mwalimu anayejua masuala ya lishe, asikilizwe, na mzazi wake ajulishwe. Mashindano ya mijadala yaipe nafasi mada hii, ili vijana wajifunze kupingana kwa hoja. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akisukuma kando kipande chake cha nyama, muulizeni sababu kama mnataka kuijua, msikilizeni amalize, kisha mwacheni ale chakula chake kwa amani.