Upande si Damu

Wahenga wa pwani walisema: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Leo nataka kuipima methali hiyo kwa mchezo wa vijana, na msomaji asinione nimeishiwa na la kuandika. Michezo ya watoto mara nyingi ndiyo habari za wakubwa.

Hapa Eastlands ninapokaa, kutoka Pumwani hadi Kayole, vibanda vya gemu vimejaa tele. Wengi humo hucheza kandanda. Lakini wako vijana wenye kompyuta majumbani, Buruburu na Umoja, waliozama katika michezo ya namna nyingine: falme za kubuni, wachawi, majoka na mazimwi. Wazazi wenzangu Waislamu huniuliza kama haya si mambo ya sihiri ya kupigwa marufuku. Swali hilo nawaachia masheikh. Langu ni hili: michezo hiyo inawafundisha nini watoto wetu juu ya kabila na upande?

Tuchukue mmoja tu, uitwao World of Warcraft, uliotoka Marekani mwaka 2004. Mchezaji akiingia, huchagua kwanza kabila la kuwa: binadamu, mbilikimo, zimwi na wengineo. Akichagua kabila, kwa makabila mengi upande amekwisha kuchaguliwa. Binadamu ni wa Alliance, zimwi ni wa Horde. Kila kabila limepewa vipawa vyake vya kuzaliwa. Tena, na hili ndilo lililonishtua, kwa miaka mingi mtu wa upande mmoja akimsemesha wa upande wa pili, maneno yake yalifika yamegeuka upuuzi usiosomeka. Watengenezaji waliwafunga ndimi makusudi, ili adui abaki adui.

Kanuni hizo ni mbaya, na sioni haya kusema hivyo. Zinamzoesha kijana kuamini kwamba mtu huzaliwa na upande wake kama azaliwavyo na pua. Maneno kama hayo tumeyasikia kwenye majukwaa ya kura, tena kutoka kwa watu wazima wasiogusa gemu maisha yao.

Lakini sikiliza ajabu. Kisa cha mchezo chenyewe kinazikanusha kanuni za mchezo. Humo mna watu wa masikio marefu ambao zamani walikuwa pamoja na binadamu, wakapigana bega kwa bega. Kisha mwana wa mfalme wa binadamu akaasi, akaongoza jeshi la maiti, akaivunja nchi yao. Mabaki yao, waliojiita Blood Elves, wakarudi kusaidia jeshi la binadamu. Kamanda wa jeshi hilo, jina lake Garithos, aliwadharau, akawatuma kazi za kufia, mwisho akawatia gerezani wangoje kuuawa. Walipookoka, walikuwa hawana tena rafiki upande ule. Mwaka 2007 mchezo ulipoongezewa sehemu mpya, watu hao wakatokea upande wa Horde, pamoja na mazimwi waliokuwa wakiwaogopa.

Je, damu yao ilibadilika? Hasha! Masikio yao ni yale yale. Kilichowahamisha ni dharau na haja ya kulindwa. Na mazimwi hao hao waliwahi kusimama safu moja na binadamu, mlimani Hyjal, walipotokewa na adui aliyetaka kuwamaliza wote. Alhasili, upande hutengenezwa na mambo: tusi, hofu, njaa, ahadi. Kabila huja baadaye kupewa lawama.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kioo cha kompyuta kulijua hilo. Chuoni tulisomeshwa kwamba Aus na Khazraj wa Madina walikuwa uzao wa ndugu wawili, wakauana kwa miaka mingi, mpaka Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipohamia kwao mwaka 622 wakawa kitu kimoja. Na mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa ya Mazrui ilishikana na Pate kuipiga Lamu. Waislamu kwa Waislamu, Waswahili kwa Waswahili, wakakutana ufukweni Shela. Lamu ikashinda, na kwa kuogopa kisasi ikaenda kutaka ulinzi wa Sayyid Said wa Oman. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alizitungia vita hizo upande wa mji wake. Leo Mlamu na Mmvita huozana mabinti bila ya kuulizana nani alikuwa wapi siku ya Shela.

Sasa turudi mitaani kwetu. Mwaka ule ule wa 2007, mwezi Disemba, Kenya ilipiga kura, na nchi ikawaka. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Huku Eastlands, Mathare na Huruma, majirani waliokuwa wakiazimana chumvi waliulizana majina, na jina likawa hukumu. Familia zilihama nyumba kukimbilia penye watu wa kabila lao, kama vile mtu achaguavyo kambi kwenye kioo.

Na wakubwa je? Mwaka 2007 William Ruto alikuwa pamoja na Raila Odinga, na Uhuru Kenyatta alikuwa upande wa Mwai Kibaki. Mwaka 2013 Ruto na Uhuru wakawa kitu kimoja dhidi ya Raila. Machi 2018 Uhuru na Raila wakapeana mikono. Mwaka 2022 Uhuru akamuunga mkono Raila dhidi ya Ruto. Machi 2025 Ruto na Raila wakatia sahihi mapatano, na Oktoba mwaka huo Raila akafariki, Ruto akimwomboleza kama ndugu. Simlaumu mtu kwa kupatana. Sulhu ni kheri. Lakini aliyechukua panga mwaka 2008 badala ya jembe, amevuna nini? Mabwana walihama kambi mara nne. Maiti hawakuhama makaburini.

Hapo ndipo mchezo na maisha vinapoachana. Kwenye kioo, aliyeuawa huinuka akaendelea kucheza. Mathare hakuinuka hata mmoja.

Kwa hiyo nasema kwa wazazi: kuzima kompyuta hakutoshi. Keti na mwanao umuulize, hawa wenye masikio marefu kwa nini waliwaacha binadamu? Mwache akueleze kisa chote. Anakijua kuliko unavyodhani. Kisha muulize kama jirani yenu aliyehama mwaka 2008 alikuwa adui kwa damu, au kuna mtu aliyemfanya awe adui. Kijana anayeweza kujibu la kwanza ataliweza la pili, na mwanasiasa atapata taabu kumtuma.

Nina matumaini. Juni 2024 vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, walitangaza kwamba hawana kabila, na wa Eastlands walikuwamo. Wapo waliolipa kwa roho zao. Na hata watengenezaji wa mchezo ule, baada ya karibu miaka 18, mwezi Mei 2022, waliruhusu wachezaji wa pande mbili kuungana katika kikosi kimoja, maana wenyewe walikuwa wamechoka kutenganishwa na rafiki zao. Ikiwa zimwi na binadamu wa kubuni wameruhusiwa kusaidiana, sioni kipi kiwazuie watu wa ploti moja, wanaopanga foleni kwenye bomba moja, kukataa kugombanishwa kura ya 2027 itakapofika.