Muhuri Hautoshi



Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul-Hujuraat kuzichungua habari kabla ya kuziamini. Mwezi huu twapenda kutazama uchunguzi wa namna hiyo upitao ndani ya miili yetu wenyewe.

Maagizo ya mwili yamehifadhiwa katika kiini cha seli. Hati yenyewe haitoki humo. Hunakiliwa ujumbe uitwao RNA, nao hupelekwa nje ya kiini ili usomwe na protini zitengenezwe. Ujumbe huo hautoki kichwa wazi, bali huvishwa kofia, ambayo wataalamu waliitambua mwaka 1975. Kisha kimeng'enya kiitwacho CMTR1 hutia muhuri katika herufi ya kwanza iliyo chini ya kofia. Muhuri wenyewe ni atomu moja ya kaboni na tatu za haidrojeni, basi.

Ni mdogo mno, lakini una kazi kubwa. Virusi vishambuliapo, seli huzidisha mlinzi aitwaye IFIT1, ambaye huushika ujumbe uliokosa muhuri na kuuzuia usisomwe.

Je, adui hushindwa kwa hayo? La. Kirusi cha West Nile, kilichogunduliwa Uganda mwaka 1937, kina kimeng'enya chake cha kughushi muhuri huo huo. Mwaka 2010 wataalamu walieleza kwamba kirusi hicho kikiharibiwa kimeng'enya chake, walinzi wa mwili hukidhoofisha. Kirusi cha korona nacho kina hila kama hiyo. Kwa hivyo Muumba hakuuwekea mwili mlinzi mmoja tu, bali wengi, kila mmoja na uchunguzi wake.

Siku hizi habari humiminika majumbani mwetu kwa simu, na nyingi zimevaa kofia ya dini. Mzazi husoma maneno yasiyo na mwenyewe, akamnyima mwanawe chanjo, na surua ikija ni mtoto aumiaye. Bismillahi iliyoandikwa juu ya uwongo haiugeuzi kuwa kweli.

Maulamaa wetu wa hadithi hawakutosheka na isnadi peke yake. Waliitazama na matini. Nasi yatupasa tuulize: nani amesema, amepokea kwa nani, na je, ana elimu ya jambo hilo? Tusipopata jawabu, tusiipeleke habari hiyo kwa jirani.

Wabillahi taufiki.