Gari si lako, machozi ya nini?

Wiki hii msitegemee vichekesho vingi, maana nyumbani kwetu Mbagala kuna kamsiba. Hajafa mtu, tulieni. Kaka yangu kanyang'anywa bajaji.

Wenye mji wanajua. Bajaji kuna ya mkataba na kuna ya hesabu. Ya mkataba unapeleka hela kila siku, muda ukitimia chombo kinakuwa chako. Ya hesabu unapeleka hela mpaka mvi zikutoke, mali ni ya bosi. Ya kaka ilikuwa ya hesabu. Miaka miwili, elfu ishirini kila jioni, mvua inyeshe jua liwake. Turubai jipya kanunua yeye, redio kafunga yeye, na kila usiku anaiosha kwa maji ya ndoo ya kununua, mama ananuna. Juzi bosi kampigia: leta funguo, nimepata mteja. Kaka akasema basi niuzie mimi, bei hiyo hiyo. Wapi! Akarudi kwa miguu, kitambaa cha kufutia kioo mkononi.

Jioni kakaa kizingitini, macho mekundu kama kakata vitunguu gunia zima. Shangazi akapita, akamtazama. "Baba, chombo cha watu hicho. Unalilia nini?"

Nikamwambia shangazi, mbona Marekani watu wazima wamelia, tena na pesa zao mfukoni? Akacheka. Akasema mimi mikanda itaniharibu. Basi naandika hapa, atasomewa.

Mwaka 1990 kampuni ya General Motors ilionyesha gari la majaribio linalotumia umeme mtupu, jina lake Impact. Mwaka huo huo jimbo la California, lililokuwa limechoshwa na moshi wa magari, likaweka sheria: ikifika 1998, katika kila magari 100 yanayouzwa pale na makampuni makubwa, 2 yasitoe moshi kabisa. GM wakaunda magari kama 50 kwa mkono, wakawa wanawapa watu wa kawaida wayaendeshe wiki moja au mbili, halafu waseme wameyaonaje. Los Angeles walitegemea watu 80 hivi watajitokeza. Zilipigwa simu 10,000, wakafunga laini. Mimi nisiye na hata baiskeli ningeng'amua hapo kwamba dili lipo!

Desemba 1996 likatoka gari lenyewe, EV1. Mkoko wa viti viwili tu, umechongwa mgongo kama tone la maji ili upepo usilishike. Funguo hakuna, unabonyeza namba za siri. Likiwaka hulisikii. Kulichaji unachomeka kitu cha plastiki mfano wa kasia dogo, hata mvua ikinyesha hakikupigi shoti. Tatizo tumboni: betri za risasi, jamaa wa zile za malori yetu, uzito wake zaidi ya kilo 500, na zikijaa zinakupeleka kilometa 110 mpaka 160 hivi. Yaani ukitoka Dar kwenda Morogoro ukikanyaga sana, Chalinze unaanza kutafuta mwenyeji. Mwaka 1999 wakaleta betri za nikeli, likawa linaweza kuvuka 200. Hapo Moro unafika, unakula mishikaki kabisa.

Sasa sikilizeni sharti. Gari hauziwi. Unakodishwa, kama dola 400 mpaka 550 kwa mwezi, na mkataba ukiisha unalirudisha. Kununua baadaye, hakuna. Yalitengenezwa 1,117 tu, na waliopewa waliyazimia kweli kweli. Hata Mel Gibson wa kwenye mikanda alikuwa nalo. Walisaini wenyewe, ndiyo, na hapo shangazi ana hoja. Lakini karatasi unasaini siku moja, gari unalilaza nyumbani kwako miaka. Unalijua linavyolalamika, linakujua unavyokaa. Hicho kitu hakiandikwi kwenye mkataba.

Mwaka 2003 ikaja kasheshe. Makampuni ya magari yalikuwa yamekwenda mahakamani kuipinga ile sheria, California ikailegeza. GM wakatangaza mradi basi, magari yarudi. Walisema wateja ni wachache na vipuri vitakuwa shida. Wateja wakasema jamani, si sisi hapa? Wapi! Julai mwaka huo wakafanya mazishi. Namaanisha mazishi! Walipeleka EV1 makaburini Hollywood kwa msafara, na hotuba juu. Kwetu ungeambiwa umerogwa.

Kilichoniuma mimi ni cha 2005. Magari 78 yalikuwa yamepangwa kwenye uwanja wa kampuni mjini Burbank, yanasubiri malori. Waliokuwa wakiyaendesha wakapiga kambi nje, mchana na usiku, karibu mwezi mzima. Wakaweka mezani dola milioni 1.9, yaani kama 24,000 kwa kila gari, na wakasema hatutawadai vipuri wala matengenezo. Jibu likawa hapana. Malori yalipokuja, wanawake wawili waliyazuia, polisi wakawabeba. Mmoja alikuwa Alexandra Paul, yule dada wa Baywatch mliyekuwa mnamwangalia mkijifanya mnasoma gazeti.

Magari mengi yalisagwa, yakawa vyuma chakavu. Machache yakapelekwa makumbusho na vyuoni, karibu yote yakiwa yameuliwa mashine. Hayo yote yamo kwenye mkanda wa Who Killed the Electric Car? wa mwaka 2006. Aliyeutengeneza, Chris Paine, naye alinyang'anywa EV1 yake, kwa hiyo msitegemee aipakazie kampuni asali. Ila mwaka huo huo bosi mkuu wa GM, Rick Wagoner, alikiri kwamba kuliua gari lile ndio uamuzi mbaya kuliko yote aliyofanya. Mpaka leo sijui nicheke au nilie.

Nilimsomea kaka haya yote juzi usiku. Alinyamaza muda, kisha akauliza, "Dogo, walizisaga na hela iko mezani?"

Nikamwambia ndiyo, bro.

Jana alipita kituo cha Rangi Tatu. Akaiona. Inaendeshwa na kijana mwingine, turubai lile lile, redio ile ile inapiga taarab mpaka nje. Kaka akasimama, akaangalia matairi, akamwambia yule kijana la nyuma kushoto lina upepo kidogo.

Haya, wiki ijayo tukutane hapa hapa. Na wewe bosi mwenye bajaji ya mkataba, kaka yangu ana leseni na hanywi.