SAFARI YA KANISA: TULIKWENDA KUONA MAJI YANAYOANGUKA

Mwezi huu tunataka kuwasimulia safari, lakini si ile ya kukimbia. Hii ilikuwa ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Kwa miezi minne kikundi chetu cha kanisa kilikuwa kinachanga kidogo kidogo. Kila familia ilileta ilichopata: wengine pesa, wengine viazi vitamu, na mama mmoja akajitolea kupika mandazi ya watu thelathini. Jumamosi saa kumi alfajiri tukapanda Coaster hapa Kyangwali, tukapita Hoima na Masindi, tukaingia kwenye hifadhi ya Murchison Falls.

Kabla ya kufika kwenye maji, unapita msitu wa Budongo. Miti ya mahogani imesimama mirefu mpaka jua halionekani vizuri, na sokwe wanaishi humo. Mzee mmoja aliyekulia Ituri akasema, "Msitu wa kwetu ndio huu huu." Watoto waliozaliwa hapa kambini wakamwuliza, "Kumbe kwetu kuko hivi, babu?" Basi, akaanza kuwasimulia, na hakunyamaza mpaka miti ikaisha.

Maporomoko yenyewe unayasikia kabla ya kuyaona. Mto Nile umetoka Ziwa Victoria, umepita Kyoga, unakuja mpana kabisa, halafu hapo unabanwa kwenye mwanya wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi. Maji yote hayo yanasukumana katika mlango huo mmoja, yanaanguka kama mita 43. Moshi wa maji unapanda juu, na jua likiwaka unaona upinde wa mvua. Pembeni kuna maporomoko mengine yanayoitwa Uhuru. Hayo yalifunguka mwaka 1962, mvua zilipozidi na mto ukatafuta njia ya pili. Ni mwaka ule ule Uganda ilipopata uhuru.

Jina la Murchison liliwekwa na Mwingereza Samuel Baker mwaka 1864, kwa kumheshimu mkubwa wa chama cha jiografia cha kwao. Miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, yaliitwa Kabalega, jina la mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza mpaka wakamkamata mwaka 1899. Wenyeji walikuwa wanayajua maji hayo kabla ya majina yote mawili.

Mzee wetu akaongoza maombi pale juu. Nani alimsikia? Hakuna. Tulipoona ameshusha mikono, sote tukasema amina.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mama mmoja wa kikundi alibaki karibu na gari na binti yake wa darasa la tano. Wao walivuka Ziwa Albert usiku, mwaka 2018, katika mtumbwi uliojaa watu. Wengi wenu mnaijua safari ile, hatuna haja ya kuieleza. Si wote waliopanda walifika. Tangu hapo binti hapendi kelele za maji. Mvua kubwa ikipiga bati, anaingia chini ya kitanda.

Sisi kwa furaha yetu tukaanza kumwita: "Njoo, usiogope, Mungu yupo!" Kijana mmoja hata akamshika mkono kumvuta. Mama akasema polepole, "Mwacheni, ndugu zangu. Atakuja akitaka. Asipotaka, ameona msitu, inatosha."

Kweli tuliona haya. Njia nzima tulikuwa tunaimba nyimbo za kutiana moyo, lakini kabla ya safari hatukumwuliza mtu hata mmoja kama ataweza kusimama mbele ya maji.

Mama mwingine akaenda kukaa nao chini ya mti, bila maneno. Baada ya muda binti akamwuliza askari wa hifadhi, "Maji haya yanakwenda wapi?" Akamjibu kwamba huko chini mto unatulia, unakuwa mpana tena, kisha unaingia Ziwa Albert upande wa kaskazini. "Ziwa lile letu?" "Ndiyo, lile lile." Akamweleza pia kwamba mto Semliki, unaopita upande wa Kongo, unaingia ziwa hilo hilo kwa kusini, na maji yote yanatoka pamoja kwenda Sudan Kusini.

Binti akafikiri, halafu akamwambia mama yake, "Tusogee kidogo." Wakasogea kama hatua ishirini, mpaka mahali unapoona moshi tu. Hapo mama akataja jina la mtoto wake aliyebaki ziwani, akalia, binti akamshika kiuno. Hakuna aliyepiga picha. Hawakufika kwenye ukingo, na hatukuwaita tena.

Kwa familia zinazopanga safari kama hii, haya ndiyo tuliyojifunza:

Ongeeni na watoto mapema juu ya mtakachokiona. Mtoto akikataa, mkubwa mmoja abaki naye, na wenzake wasimcheke. Kama hofu inamnyima usingizi kwa muda mrefu, mpelekeni kwa mhudumu wa afya.

Bebeni vitambulisho vyote. Ulizeni kiingilio mapema, maana raia wa Afrika Mashariki na wageni wengine hawalipi sawa.

Msivae bluu wala nyeusi, rangi hizo zinavuta mbung'o. Sisi tulivaa sare ya kwaya, na sare yetu ni ya bluu. Tuliumwa kweli kweli!

Mawe ya pale yanateleza, kwa hiyo watoto washikwe mkono. Msishuke mtoni, kuna mamba na viboko. Chakula kifungwe garini, nyani wa pale hawaombi. Mandazi tisa yalikwenda hivyo.

Tulirudi kambini saa tano usiku. Binti alilala njia nzima. Wiki iliyofuata mvua kubwa ilinyesha, tukapita kumsalimu mama na kumwuliza habari. Akasema, "Aliingia chini ya kitanda kama kawaida. Ila mara hii aliniita niingie naye."

Mpaka mwezi ujao, kaeni na amani nyumbani kwenu.