Njia za Jinja na Mbale ziwe za wote

Barabara au jengo la umma lisipokelewe Jinja wala Mbale iwapo mwenye kiti cha magurudumu hawezi kulitumia bila kubebwa. Miji hii ilipandishwa hadhi kuwa majiji Julai 2020, mwaka ambao Uganda ilipata sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Mikopo ya Benki ya Dunia iliyoboresha barabara zake italipwa na wananchi wote, walemavu wakiwamo.

Wapo watakaosema bajeti haitoshi. Lakini njia ya mteremko ikichorwa tangu mwanzo huongeza gharama kidogo tu. Kubomoa ngazi baadaye ndiko ghali, na njia hiyo wazee na wajawazito nao huihitaji. Wahusika wakague kila mradi, na mkandarasi aliyeiruka asilipwe mpaka aijenge.